Tarehe ya Ndoa Haibuniwi

Katika ofisi nyingi za nchi yetu limezoeleka neno moja fupi ambalo mwananchi huambiwa anapokwama mbele ya fomu: "Mzee, andika tarehe yoyote." Neno hili husemwa kwa upole, na mara nyingi kwa nia njema ya kumsaidia mtu aliyetoka mbali, huku foleni nyuma yake ikizidi kurefuka. Mzee aliyeulizwa siku, mwezi na mwaka aliooa hunyamaza. Humtazama mkewe, na mkewe naye hutazama chini. Basi kalamu huchukuliwa, na tarehe mosi Januari ya mwaka fulani huandikwa mahali palipokuwa wazi. Wote hushusha pumzi. Mhuri umegongwa, kazi imekwisha, na uongo umeingia katika kumbukumbu za taifa.

Sisi tunasema kwamba desturi hii ni mbaya, na kwamba wakati umefika wa kuikataa waziwazi. Tarehe ya ndoa isiyojulikana hutafutwa, haibuniwi. Anayeibuni huwakosea wanandoa, huikosea jamii iliyoishuhudia ndoa yao, na huikosea Serikali ambayo jina lake limo katika mhuri. Tena tunasema kwamba mara nyingi tarehe hiyo yaweza kupatikana, pengine si kwa siku yake, lakini kwa mwaka na majira yake, endapo waulizaji watakubali kuuliza kwa namna ambayo watu wetu wamekuwa wakihesabu wakati.

Mifano yetu tutaitoa Mpemba, kwa kuwa ni mahali ambapo swali hili huulizwa kila upande. Mpemba ni kata katika Mji wa Tunduma, Mkoa wa Songwe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo kabla ya kufika mpakani, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya lami ya kilomita 50.3 iendayo Isongole, wilayani Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wanyamwanga na Wanyiha, lakini Wandali, Walambya, Wasafwa, Wanyakyusa na wengine wengi wamefika kwa kilimo, kwa kazi na kwa biashara, nao wameoa na kuolewa huko. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulichora mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika bila ya kumwuliza mkaaji yeyote wa nchi iliyokatwa. Wanyamwanga wakajikuta wengine upande huu na wengine upande wa Nakonde. Lakini mstari haukuwazuia kuposa, kutoa mahari na kuzikana.

Mahali kama hapo, swali la "mlioana lini?" si la udadisi. Huulizwa mjane anayedai mafao ya marehemu mumewe. Huulizwa katika shauri la mirathi mbele ya Mahakama ya Mwanzo, pale wanaukoo wanapofika na muhtasari wa kikao chao. Huulizwa mwanamke aliyetoka ng'ambo ya mpaka, ambaye kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 anaweza kuomba uraia kwa sababu ameolewa na Mtanzania. Huulizwa mtu anayetaka cheti cha ndoa ambayo imekwisha kuzaa watoto, wajukuu na vitukuu. Kwa kila mmoja wa hawa, nafasi ile ndogo katika fomu ni mlango. Na mlango huo kwa wengine hufunguka, kwa wengine hufungwa.

Watetezi wa tarehe ya kubuni hutuambia kwamba jambo hili ni dogo. Wanasema: ndoa ipo, watu wanaijua, watoto wanaonekana, tarehe ina uzito gani? Tunawajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, fomu za namna hii mara nyingi huambatana na hati ya kiapo, na kiapo ni kiapo. Mtu anayetia sahihi au dole gumba chini ya hati hiyo anatamka mbele ya sheria kwamba aliyoyasema ni kweli. Kusema uongo kwa kiapo ni kosa la jinai. Basi tazameni tunachofanya: tunamchukua mzee ambaye katika baraza la ukoo hathubutu kuongeza wala kupunguza neno, tunamtia katika ofisi ya umma, na hapo tunamfundisha kusema uongo. Ofisi iliyopaswa kuilinda heshima ya kiapo ndiyo inayokifanya kuwa mchezo. Halafu tunashangaa vijana wakidhani kwamba karatasi za Serikali ni vitu vya kujazwa tu ili mambo yaende!

Pili, tarehe ya ndoa huamua haki za watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Inamkataza mume aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza ingali hai. Na mume aliye katika ndoa ya wake wengi haimruhusu kufunga ndoa ya mke mmoja na mwanamke mwingine. Sasa tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mwanamke aliyefunga naye ndoa kanisani mwaka 1981, na mwanamke mwingine aliyemwoa kwa mila. Je, ile ya mila ilikuwa mwaka 1980 au mwaka 1982? Ndoa iliyotangulia ndiyo inayoamua uhalali wa ile iliyofuata. Kati ya miaka hiyo miwili limelala jina la mke halali, shamba, nyumba na mafao. Karani aliyesema "andika yoyote" alikuwa ameshika mizani ya hakimu bila ya kujua.

Hali ni hiyo hiyo katika mali. Katika shauri mashuhuri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ilitambuliwa kwamba kazi za nyumbani anazozifanya mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Hukumu hiyo ilikuwa ushindi mkubwa kwa wanawake wa nchi hii. Lakini angalieni maneno yale: wakati wa ndoa. Mke wa Mbozi aliyepanda mibuni pamoja na mumewe atadai fungu lake katika shamba la kahawa endapo itajulikana kwamba shamba hilo lilichumwa baada ya wao kuoana. Tarehe ya kubuni ikisogezwa mbele kwa miaka mitatu, jasho la miaka mitatu limefutwa kwa nukta moja ya wino.

Tatu, uongo wenyewe hauna maisha marefu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Cheti kikisema kwamba ndoa ilifungwa tarehe 1 Januari 1976, na mtoto wa kwanza ana cheti cha ubatizo cha mwaka 1974, basi mtoto huyo aliyezaliwa katika nyumba ya baba na mama yake, tena baada ya wakwe kula na kunywa pamoja, ametolewa nje ya ndoa na karatasi. Siku baba yake atakapofariki, watatokea wajomba na baba wadogo wenye uchu wa mali, na karatasi hiyo watainua juu. Kuna na dosari nyingine ambayo tarehe za haraka huizaa. Mtu aliyeoa Mpemba mwaka 1973 hakuoa katika Mkoa wa Songwe, kwa kuwa mkoa huo ulizaliwa mwaka 2016. Wala hakuoa katika Wilaya ya Momba, ambayo ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012. Alioa katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Anayebuni siku hajali mahali; naye wakili mwerevu ataiangusha hati nzima kwa kosa hilo moja.

Sasa na tuligeukie neno "kusahau," maana ndilo linalotumiwa kuwafedhehesha wazee wetu. Husemwa kwamba wamesahau siku ya ndoa yao, kana kwamba ndoa kwao ilikuwa kitu chepesi. La hasha! Mwulize bibi wa Mpemba aliyeolewa miaka hamsini iliyopita, naye atakutajia mshenga aliyekuja kwao, ng'ombe walivyokuwa na rangi zao, nani alikataa na akapatanishwa na nani, shangazi gani alimshika mkono, na kama ulezi wa pombe ulikuwa wa mavuno yale au ya mwaka uliotangulia. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hii hawezi kuitwa msahaulifu. Namba ya siku katika kalenda ya ukutani hakuisahau, kwa sababu hakupewa. Hapakuwa na mtu aliyeiandika, wala hapakuwa na aliyeihitaji.

Tena ndoa ya mila haikuwa tukio la siku moja. Ilikuwa na posa, ikawa na majadiliano ya mahari, ikawa na kutoa sehemu ya kwanza na kumaliza sehemu iliyobaki, ikawa na kumtoa bibi arusi kwao na kumkabidhi kwa mumewe, na mahali pengine kijana alianza kwa kumlimia mkwe wake. Katika nyanda zile zilizo kati ya maziwa mawili, ambako Wanyiha na jirani zao walifua chuma, jembe lilikuwa sehemu ya mahari kabla ya shilingi kuingia. Mambo haya yaliweza kuchukua miezi, hata miaka. Fomu inapouliza siku moja, mzee huduwaa si kwa sababu hana jibu, bali ana majibu manne, na hajaambiwa ni lipi linalotakiwa.

Kwa nini basi hapakuwa na mwandishi? Hapa hapana budi kusema ukweli juu ya utawala wa kigeni. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Afisa wa kodi alifika hata katika kijiji kilicho mbali, akahesabu paa moja baada ya jingine. Basi haikuwa kweli kwamba Mwafrika hakuweza kuandikwa. Aliandikwa vizuri sana pale alipotakiwa kulipa. Ndoa yake ya mila haikuleta mapato, wala haikulinda mali ya mgeni. Kwa hiyo iliachwa midomoni mwa wazee. Aliyebahatika kuandikwa ni yule aliyefunga ndoa kanisani. Wamoravian walifungua kituo chao cha Mbozi mwaka 1899, na madaftari ya makanisa yakawa karibu ndiyo kumbukumbu pekee za ndoa katika sehemu zile. Jirani zao wasiobatizwa waliishi, wakaoa, wakazeeka na kufa bila ya mstari mmoja wa wino.

Wala mambo hayo si ya rangi ya ngozi. Uingereza yenyewe ilianza kuwaamuru mapadri wake waandike ndoa, ubatizo na maziko mwaka 1538, na usajili wa Serikali kwa watu wote wa Uingereza na Wales ukaanza mwaka 1837. Mkulima wa Kiingereza aliyejua tarehe ya ndoa ya babu yake aliijua kwa sababu kulikuwa na daftari, wala hakuzaliwa na kalenda kichwani. Kwa hiyo yule msomi wetu anayecheka na kusema kwamba Mwafrika hajui wakati, anacheka kitu asichokielewa. Wako hata wanaomtaja John Mbiti, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliandika juu ya wakati katika fikira za Kiafrika, ili wapate kibali cha dharau yao. Lakini Mbiti huyo huyo alieleza kwamba kalenda zetu za jadi zilifuata matukio kuliko namba. Kalenda ya matukio ni kalenda. Inasomeka, mradi msomaji ajifunze herufi zake.

Na Serikali yetu imekwisha kuzisoma. Katika sensa, karani wa kuhesabu watu anapomkuta mzee asiyejua mwaka aliozaliwa, haandiki umri wowote. Hufundishwa kutumia kalenda ya matukio ya mahali hapo na kuuliza: ulikuwa umezaliwa wakati wa jambo fulani? Ulikuwa umeanza kutembea? Ulikuwa umeoa? Kwa njia hiyo umri hupatikana kwa makadirio ya haki. Ikiwa Serikali inaweza kumhesabu mtu kwa uangalifu huo ili ijue idadi ya shule na zahanati zinazohitajika, kwa nini isitumie uangalifu huo huo pale haki ya mjane mmoja inapokuwa mezani?

Na tuonyeshe jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa mfano ambao tumeutunga wenyewe lakini ambao wengi watautambua. Tuseme mume na mke wa Mpemba wanaeleza kwamba bibi arusi aliletwa baada ya reli kufika mpakani, ulezi ukiwa umekwisha kuvunwa, na mvua za kupandia hazijaanza. Kwa karani wa "tarehe yoyote," maneno haya ni hadithi. Kwa mtafutaji, ni ushahidi. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970, na kazi ya kutandika njia ilivuka mpaka wa Tunduma mwezi wa Agosti mwaka 1973. Mvua za nyanda hizo kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba. Basi tumekwisha kupata majira: kati ya Septemba na mwanzo wa Novemba, mwaka 1973 au mwaka uliofuata. Sasa tunauliza: operesheni ya vijiji, ya mwaka 1974, iliwakuta wapi? Wakisema iliwakuta tayari katika nyumba yao wenyewe, wana mtoto mchanga, basi mwaka 1973 umesimama imara. Kama mtoto huyo ana cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki, ushahidi umefungwa kwa fundo la pili.

Kwa waliotangulia ziko alama nyingine. Bomba la mafuta la TAZAMA, liendalo Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na watu wa mpakani hawakuweza kutojua siku ambayo jirani zao wa Nakonde walipandisha bendera. Hata fedha za mahari husema: Benki Kuu ya Tanzania ilitoa noti zake za kwanza mwezi wa Juni 1966, zikiwa na picha ya Mwalimu Nyerere. Mzee anayekumbuka kwamba baba mkwe wake alipokea noti hizo ametupa mwaka ambao ndoa haiwezi kuutangulia. Hapana haja ya chuo kikuu kwa kazi hii. Panahitajika subira, orodha ya matukio ya mahali, na heshima ya kumwacha mzee amalize sentensi yake.

Wako wanaotupinga kutoka upande mwingine kabisa. Hawa ni walinzi wa mila, nao husema: ndoa yetu ilikamilika kwa wakwe na mashahidi, haihitaji karatasi, kuitafutia tarehe ni kuipigia magoti desturi ya wageni. Tunawaheshimu, na katika jambo moja wako sawa. Sheria ya mwaka 1971 yenyewe inakubali ndoa iliyofungwa kwa mila kuwa ndoa kamili. Haiifanyi batili kwa sababu tu haikuandikishwa, wala kwa sababu mahari haikutimia. Aidha, mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na kujulikana kwa watu kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia mjane kwamba hakuwa mke kwa kuwa hana cheti.

Lakini walinzi hao wa mila hawaoni kwamba mashahidi wao wanakufa. Mila ilijilinda kwa vinywa wakati ukoo mzima ulikaa katika kilima kimoja. Leo mshenga amezikwa, shangazi amehamia Sumbawanga, mashahidi wawili wako ng'ambo ya mpaka, na mgeni aliyenunua kiwanja jirani hajui nani ni mke wa nani. Dhana ya sheria yaweza kupingwa. Na anayeipinga mara nyingi ndiye mwenye nguvu, naye aliye dhaifu hana la kuonyesha. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama ng'ombe na shamba vinahitaji daftari, je, ndoa iliyozaa wenye ng'ombe na shamba haihitaji? Sheria ya mwaka 1971 iliwapa wanandoa wa mila, ambao msajili hakuwapo katika arusi yao, siku 30 za kuomba kuandikishwa. Muda huo ungalifuatwa na wote, tusingalikuwa na makala haya.

Karani naye ana utetezi wake, na ni haki tuusikilize. Atasema kwamba fomu ina nafasi tatu tu, ya siku, ya mwezi na ya mwaka. Kwamba hana muda wa kusikiliza habari za reli na ulezi. Na kwamba mkubwa wake hatapokea fomu yenye nafasi tupu. Maneno haya yana ukweli, na ndiyo maana lawama yetu haimwishii yeye. Fomu ni chombo kilichotungwa na watu, na kilichotungwa na watu chaweza kurekebishwa na watu. Lakini mpaka itakaporekebishwa, hati ya kiapo inayo nafasi ya kutosha. Hakuna kinachomzuia mwapaji kusema kwamba ndoa ilifungwa mnamo miezi ya Septemba hadi Novemba mwaka 1973, kwamba siku yenyewe haikuandikwa, na kwamba anayajua hayo kwa sababu hizi na hizi. Kiapo cha namna hiyo kinaweza kusimama mbele ya hakimu yeyote, kwa kuwa kinasema kinachojulikana na kinanyamaza pasipojulikana. Tarehe mosi Januari haiwezi kusimama hata mbele ya mtoto anayeuliza kama kweli babu alioa siku ya mwaka mpya, shamba likidai palizi.

Kutokana na hayo, tunadai mambo haya. Ofisi zinazoshughulika na ndoa, mirathi, uraia na mafao zikubali mwaka na majira pale siku isipojulikana, na ziache nafasi ya maelezo. Kila halmashauri iwe na orodha ya matukio ya mahali pake, kama zile zinazotumika katika sensa, na nakala iwekwe mezani kwa kila ofisa wa kata na wa kijiji. Wazee waulizwe kwanza ni hatua gani ya ndoa wanayoihesabu kuwa ndiyo ndoa, nasi tunaona kwamba siku bibi arusi alipokabidhiwa mbele ya mashahidi ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa watu wengi waliiona. Na wale waliooana kwa mila jana na juzi wahimizwe kuandikisha ndoa zao mapema, ili wajukuu wao wasirudie taabu hii.

Kwa walimu na wanafunzi tuna neno la mwisho, maana kazi kubwa ni yao. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, wengi walidhani utamaduni ni ngoma tu. Ngoma zina mahali pake. Lakini habari za jinsi watu wetu walivyoposa, walivyotoa mahari na walivyohesabu miaka ni utamaduni pia, nazo hazichezwi uwanjani. Hukaa katika vichwa vya watu ambao hawatakuwa nasi siku nyingi. Kijana aliyeoa Mpemba mwaka 1973 akiwa na miaka 20 sasa amepita miaka 70. Mwanafunzi wa sekondari anayekaa nyumba moja na babu na bibi yake ana madaraka ya kumbukumbu kuliko ofisi yoyote. Na achukue daftari lake la shule, aandike majina ya mshenga na mashahidi, aandike majira, mazao, fedha zilizotumika na jambo kubwa lililotokea mwaka ule. Kisha awasomee wazee alichoandika, wasahihishe. Mwalimu wa historia na alikubali daftari hilo kuwa kazi ya darasani, na alitoe alama.

Kazi hiyo haihitaji bajeti wala kibali. Inahitaji jioni chache tu, nayo ifanywe wazee wangali wanaweza kujibu. Siku mjane wa Mpemba atakapofika mbele ya dirisha la ofisi na kuulizwa aliolewa lini, daftari hilo liwe mkononi mwake. Na karani, badala ya kumwambia aandike tarehe yoyote, alifungue na kusoma.